Kulinda ubongo wa mtoto mchanga aliyekutana na tramadoli au kodeini tumboni: mwongozo kwa familia na wauguzi wa Bukavu

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wauguzi na wakunga wa vituo vya afya vya Ibanda, Kadutu na Bagira, yaani komuni za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na pia kwa ajili ya mama, baba na bibi watakaobaki na mtoto nyumbani baada ya kutoka maternite. Unahusu mtoto ambaye mama yake, wakati wa mimba, alitumia mara kwa mara dawa za jamii ya afyuni, yaani opioidi: tramadoli, kodeini iliyomo katika baadhi ya sharubati za kikohozi, mofini ya hospitalini, au heroini.

Tuanze kwa kuondoa picha moja isiyo sahihi. Mama anayetumia tramadoli si lazima awe mtu aliyeshindikana katika familia yake. Anaweza kuwa mgonjwa wa selimundu, ambao kwetu wengi huuita ugonjwa wa SS, aliyeandikiwa vidonge hivyo kwa ajili ya maumivu ya mifupa. Anaweza kuwa aliyefanyiwa upasuaji na hakuambiwa siku ya kuacha. Anaweza kuwa mama anayebeba mizigo mgongoni kutwa nzima, akaanza na kidonge kimoja cha kiuno, kisha mwili ukazoea na kidonge kimoja kisitoshe tena. Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na haimo katika orodha za dawa zinazodhibitiwa na mikataba ya Umoja wa Mataifa kama mofini ilivyo, jambo ambalo ni sababu mojawapo ya kupatikana kwake kwa wepesi katika farmasi ndogo za mitaani.

Kinachotokea katika ubongo

Ubongo wa mtoto aliye tumboni huwa na vipokezi vya afyuni tangu mapema, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza vitu vya asili vya jamii hiyo, ambavyo husaidia kuongoza namna seli za neva zinavyogawanyika, zinavyosafiri hadi mahali pake na zinavyovikwa utando wa mafuta unaoharakisha ujumbe. Dawa anayomeza mama huvuka kondo la nyuma na kufika kwenye vipokezi hivyo hivyo, kwa kiasi na kwa saa ambazo mwili wa mtoto haukuzipanga. Kitovu kinapokatwa, mtoto hapokei tena dawa yoyote. Seli za shina la ubongo zinazotoa noradrenalini, kemikali inayouamsha mwili, ambazo dawa ilikuwa imezituliza kwa miezi, huamka kwa pamoja, na mtoto huanza kutetemeka, kulia kwa sauti nyembamba ya juu, kutoka jasho, kupiga chafya na miayo mfululizo, kukakamaa, kuharisha na kushindwa kunyonya kwa utulivu. Tramadoli ina jambo lake la ziada: mbali na kugusa vipokezi vya afyuni, huzuia pia noradrenalini na serotonini zisirudi ndani ya seli, na kwa hiyo mtoto wake anaweza kuonyesha dalili za aina mbili zilizochanganyika.

Je, ubongo wenyewe hubaki na alama? Watafiti wa Marekani waliochapisha matokeo yao mwaka 2025 katika jarida la JAMA Pediatrics walipiga kwa mashine ya sumaku picha za ubongo wa watoto wachanga 173 waliokutana na opioidi tumboni na wa wengine 96 ambao hawakukutana nazo. Ubongo wa kundi la kwanza ulikuwa na ujazo wa wastani wa sentimita za ujazo 387 hivi, na wa kundi la pili 407 hivi. Tofauti hiyo ipo, lakini ni ya wastani wa makundi, na haimwambii mzazi yeyote jinsi mtoto wake atakavyokuwa darasani. Tafiti zinazowafuata watoto hawa hadi umri wa shule huonyesha kwamba, kwa wastani, alama zao za kufikiri, kusikiliza na kutumia mikono huwa chini kidogo kuliko za wenzao. Lakini sehemu ya tofauti hiyo hutokana na mambo yanayoandamana na dawa, kama vile kuzaliwa kabla ya wakati, sigara, lishe duni ya mama na nyumba isiyo na utulivu. Mengi kati ya hayo yanaweza kubadilishwa, hata katika mji wenye taabu kama wetu, na ndiyo sababu ya kuandika hatua zinazofuata.

Neno moja kuhusu pombe kabla ya kuendelea. Madhara ya pombe kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni yamethibitishwa kwa nguvu zaidi kuliko ya opioidi, kwa hiyo mama anayekunywa kasiksi au lutuku na kumeza tramadoli asifikiri kwamba kidonge peke yake ndicho tatizo.

Hatua ya 1: Uliza mapema, na uulize vizuri

Ulinzi wa ubongo huanzia kwenye kliniki ya wajawazito, ile tunayoizoea kwa jina la CPN, na huanzia kwenye swali. Muuguzi akiuliza mbele ya foleni, «Wewe unatumia madawa?», jibu litakuwa hapana, na mtoto atazaliwa bila mtu yeyote kujua cha kutazamia. Muite mama pembeni, mlango ufungwe, mume na mama mkwe wasubiri nje, kisha uulize kama unavyouliza kuhusu malaria: «Mama, tangu mimba hii ianze, ni dawa gani za maumivu au za kikohozi umetumia, hata zile ulizonunua bila karatasi ya daktari?» Akitaja dawa, endelea taratibu: ni vidonge vingapi kwa siku, vya miligramu ngapi, tangu mwezi upi, na anajisikiaje siku anapokosa. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu mama anayetetemeka, anayetoka jasho na kuumwa tumbo siku asipomeza ana mwili uliokwisha kuzoea, na mtoto wake amezoea pamoja naye. Uliza pia kuhusu diazepamu, sigara, pombe na dawa za msongo wa mawazo, maana hizo huweza kuongeza ukali wa dalili za mtoto.

Kumtisha mama hakumlindi mtoto. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilipitisha mwaka 2014 sheria iliyoruhusu kumshtaki mama ambaye mtoto wake alizaliwa na madhara ya dawa; wahudumu wa afya walilalamika kwamba wanawake walianza kukwepa kliniki kwa kuogopa kukamatwa, na mwaka 2016 sheria hiyo iliachwa ikome. Muuguzi wa Bukavu hana sheria ya namna hiyo mkononi, lakini ana ulimi, na maneno ya aibu yaliyosemwa mbele ya majirani hufanya kazi ileile ya kumfukuza mama.

Hatua ya 2: Mama asiache ghafla kwa nguvu zake mwenyewe

Wanawake wengi, wakishaambiwa kwamba dawa inamfikia mtoto, hutaka kutupa vidonge vyote siku hiyo hiyo. Nia ni njema, njia ni ya hatari. Kuacha ghafla huuweka mwili wa mama na wa mtoto katika mshtuko, huweza kuchochea uchungu kabla ya wakati, na mara nyingi humrudisha mama kwenye dawa kwa kiasi kikubwa zaidi baada ya siku chache. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2014 kuhusu wajawazito wanaotumia vileo na dawa za kulevya, linashauri kwamba mjamzito ambaye mwili wake umetawaliwa na opioidi apewe methadoni au buprenorfini, yaani opioidi za tiba zinazokaa muda mrefu mwilini, chini ya uangalizi, badala ya kulazimishwa kuacha kabisa. Katika nchi jirani ya Tanzania, huduma ya methadoni ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011. Kwetu mwanamke hawezi kutegemea kuipata katika kituo cha mtaa. Kwa hiyo muuguzi amwandikie rufaa kwa daktari wa hospitali kuu, ambaye ataamua kama dozi ipunguzwe polepole au ibaki palepale hadi kujifungua. Mgonjwa wa selimundu asiachwe na maumivu yake kwa jina la kumlinda mtoto. Mpango wake wa dawa upangwe upya, usifutwe.

Hatua ya 3: Chagua mahali pa kujifungulia, na uandike onyo moja kwenye fishi, yaani kadi ya mama

Mama huyu ajifungulie mahali penye daktari, kipimo cha sukari ya damu na oksijeni, na mahali ambapo anaweza kulazwa siku kadhaa pamoja na mtoto. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, zinajulikana na kila mtu mjini. Familia ipange mapema jinsi ya kufika, kwa sababu uchungu hupenda kuanza usiku na usiku wa mji wetu hauna usafiri wa uhakika. Mwanamke anayekaa juu kabisa ya kilima cha Kadutu afikirie kusogea kwa ndugu anayekaa karibu na hospitali wiki za mwisho.

Onyo la fishi ni hili: mtoto wa mama aliyezoea opioidi, akizaliwa bila kupumua vizuri, asichomwe naloksoni. Dawa hiyo hung'oa opioidi kwenye vipokezi kwa mara moja na inaweza kumletea mtoto degedege kali. Asaidiwe kupumua kwa mfuko na barakoa kama mtoto mwingine yeyote.

Hatua ya 4: Mtazame kwa muda wa kutosha

Kosa la kawaida ni kumruhusu mtoto arudi nyumbani baada ya saa 24 kwa kuwa anaonekana mzima. Dalili hufuata mwendo wa dawa. Za heroini huanza mara nyingi ndani ya saa 24; za methadoni na buprenorfini huanza kwa kawaida siku ya pili au ya tatu, na huweza kuchelewa hadi mwisho wa wiki. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika waraka wake wa mwaka 2020, kinashauri uangalizi wa angalau siku 3 kwa opioidi zinazoisha haraka mwilini, na wa siku 4 hadi 7 kwa zile zinazokaa muda mrefu. Tramadoli za kawaida zimo katika kundi la kwanza, lakini kuna vidonge vilivyotengenezwa ili viyeyuke polepole, na mama mara nyingi hajui amekuwa akimeza vya aina gani. Asipojua, na isipowezekana kuona pakiti, mtoto ahesabiwe katika kundi la pili.

Gharama ya kulala siku hizo zote ni mzigo wa kweli kwa familia, na muuguzi asijifanye haoni. Ikiwa mama analazimika kuondoka mapema, basi arudi kila siku hadi siku ya 7, na mtu wa afya wa mtaa, yaani RECO, aelezwe dalili za kutafuta bila kuelezwa siri za mama.

Hatua ya 5: Usilaumu dawa kabla ya kutafuta maradhi mengine

Hatua hii ni fupi kuisoma, lakini kuiruka kunaweza kuua. Mtoto anayetetemeka na asiyenyonya huweza kuwa na sukari iliyoshuka, maambukizi ya damu, homa ya uti wa mgongo, upungufu wa kalisi au athari za kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na mtoto wa mama aliyetumia tramadoli ana haki ya kuugua mambo hayo kama wengine. Pima sukari mara moja; ikiwa chini ya miligramu 45 kwa desilita, itibiwe wakati huohuo, kwa sababu sukari iliyoshuka huua seli za ubongo kwa kasi ambayo kutetemeka kwa kukosa dawa hakuifikii. Joto la nyuzi 38 au zaidi, joto chini ya 35.5, pumzi 60 au zaidi kwa dakika, kifua kinachobonyea ndani, mtoto asiyenyonya kabisa, asiyejongea mpaka aguswe, au mwenye degedege: mojawapo ya hizo ni sababu ya kuanza matibabu ya maambukizi na kupeleka hospitali bila kungoja. Mtoto anayekakamaa na kufunga taya kuanzia siku ya 3, hasa kama kitovu kilipakwa kitu chochote nyumbani, achunguzwe pepopunda.

Kutetemeka kwa kukosa dawa hutulia mkono au mguu unaposhikwa kwa upole. Degedege haitulii. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na bibi anaweza kufundishwa.

Hatua ya 6: Kula, kulala, kutulizika

Kwa miaka mingi hospitali za Ulaya na Amerika zimetumia orodha ya alama iliyobuniwa na Loretta Finnegan na kuchapishwa mwaka 1975: kila saa tatu au nne muuguzi huhesabu chafya, miayo, jasho, mitetemo na mengineyo, na jumla ikipanda mtoto huanzishiwa mofini. Orodha hiyo ilisaidia sana, lakini ilikuwa na kasoro ambayo kila mkunga mzoefu angeiona: mtoto aliyekuwa amelala huamshwa ili ahesabiwe, kisha hupewa alama mbaya kwa kulia. Daktari Matthew Grossman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walipendekeza njia nyingine, yenye maswali matatu tu. Je, mtoto anakula kiasi kinachomfaa umri wake? Je, anaweza kulala saa moja mfululizo? Je, akilia, anaweza kutulizwa ndani ya dakika 10? Majibu yakiwa ndiyo, mtoto hahitaji dawa hata kama anapiga chafya. Jibu moja likiwa hapana, huduma ya kumtuliza huongezwa kwanza, na dawa hufikiriwa baadaye.

Njia hiyo ilijaribiwa katika hospitali 26 za Marekani kwa watoto 1305, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Watoto waliohudumiwa kwa maswali matatu walikuwa tayari kuruhusiwa baada ya siku 8.2 kwa wastani, na wale wa njia ya kawaida baada ya siku 14.9, waliohitaji dawa walikuwa asilimia 19.5, ikilinganishwa na asilimia 52. Ninayapenda matokeo hayo kwa sababu moja: vifaa vilivyotumika kupata tofauti hiyo ni mama, kikwembe, chumba kisicho na kelele na maziwa, na hivyo vyote vipo Bukavu.

Kwa vitendo, huduma ni hii. Mtoto akae kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa saa nyingi kadiri mama anavyoweza, huku wote wawili wamefunikwa. Ni huduma ileile ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watoto njiti. Bukavu iko kwenye kimo cha mita 1500 hivi na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo kifua cha mama humtuliza mtoto na kumpa joto kwa wakati mmoja. Mama akichoka, baba au bibi amshike. Mtoto asipokuwa kifuani, afungwe kwa kikwembe laini huku mikono yake imekunjwa karibu na mdomo, si kunyooshwa kando ya mwili, na alazwe chali. Chumba kiwe na mwanga hafifu. Redio izimwe, simu zinyamazishwe, na wageni, ambao kwetu hufika kwa makundi na nyimbo, waombwe wasubiri wiki mbili au wamsalimie mama mlangoni. Jambo hilo la wageni ndilo gumu kuliko yote, na mara nyingi ni bibi pekee mwenye mamlaka ya kulisema bila kuudhi ukoo.

Mguse kwa kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mtoto wa kawaida hufurahia kutikiswa huku akiimbiwa na kutazamwa machoni. Mtoto huyu, katika wiki za kwanza, hulemewa. Ukimtikisa, mtikise polepole juu na chini bila kuimba, ukimwimbia, usimtikise. Akigeuza uso, akipiga miayo au akianza kupiga chafya, anaomba mapumziko. Mbadilishe nepi, mlishe na umpime joto katika mkupuo mmoja, kisha mwache alale, maana usingizi usiokatizwa ni sehemu ya kazi ya kuujenga ubongo.

Kwa kuwa anatetemeka na kuharisha, huunguza nguvu nyingi. Anyonyeshwe kila anapoonyesha njaa, mara 8 hadi 12 kwa siku, na zaidi akiwa mwepesi wa kuchoka. Apimwe uzito kila siku: akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, au akiwa hajaurudia kufikia siku ya 14, daktari amwone. Makalio yake huchubuka haraka kwa sababu ya kuharisha; safisha kwa maji ya uvuguvugu na upake vaselini.

Hatua ya 7: Maziwa ya mama, pamoja na tahadhari yake

Maziwa ya mama hulisha ubongo, hupunguza ukali wa dalili na humlinda mtoto na kuhara, ambako katika nyumba zinazotegemea maji ya kuchota ni hatari kubwa kuliko kiasi kidogo cha dawa kilichomo katika maziwa. Mama anayetumia methadoni au buprenorfini kwa utaratibu ananyonyesha bila shida. Kwa kodeini na tramadoli hali ni tofauti: mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017 kwamba mama anayenyonyesha asizitumie, kwa sababu miili ya baadhi ya watu huzigeuza haraka mno kuwa dawa kali zaidi, ambayo hupitia katika maziwa na kuweza kuzuia pumzi ya mtoto. Kwa hiyo swali la «ninyonyeshe au nisinyonyeshe?» lijibiwe na daktari pamoja na mama, wakiwa na idadi ya vidonge mezani. Mara nyingi jibu la busara ni kunyonyesha huku maumivu ya mama yakitibiwa kwa parasetamoli au ibuprofeni, na dozi ya opioidi ikipunguzwa kwa ratiba. Mtoto anayenyonya kutoka kwa mama ambaye bado anatumia, akiwa mlegevu, mzito wa kuamka au mwenye pumzi za polepole, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Mama mwenye virusi vya ukimwi afuate dawa na ushauri wa kliniki yake.

Hatua ya 8: Dawa, pale utulivu usipotosha

Ikiwa mtoto hali, halali wala hatulizwi hata baada ya yote yaliyotangulia, daktari humpa mofini ya kunywa kwa kiasi kidogo sana kinachopimwa kwa uzito wake, kisha huipunguza. Mahali ambapo mofini ya watoto haipo hutumika fenobarbitali, inayojulikana zaidi hospitalini kwetu. Lakini hiyo hutuliza mitetemo na degedege bila kutibu kuharisha, humfanya mtoto alale akashindwa kunyonya, na katika majaribio ya wanyama wachanga imeonekana kuua seli za ubongo. Isitumike kwa mazoea, wala isiendelee kwa miezi bila sababu.

Nyumbani kusitolewe dawa yoyote. Kipande cha tramadoli kilichosagwa ili «mtoto atulie» kinaweza kusimamisha pumzi yake. Vivyo hivyo mitishamba ya kunywesha au ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa humkausha maji mtoto ambaye tayari anaharisha.

Hatua ya 9: Nyumbani

Dalili ndogondogo, kama vile usingizi mwepesi, kushtuka na kulia jioni, huweza kuendelea kwa wiki kadhaa na hata miezi. Huo ndio wakati wa hatari, kwa sababu mzazi asiyelala anaweza kumtikisa mtoto kwa hasira, na mtikiso huo huvunja mishipa midogo ya damu ndani ya kichwa na kuuharibu ubongo kuliko dawa ilivyofanya. Familia ikubaliane zamu. Aliyeshindwa amlaze mtoto chali mahali salama, atoke nje, apumue, amwite mwingine.

Mbabula, yaani jiko la makala (makaa), isiingizwe katika chumba kilichofungwa ili kumpasha mtoto joto. Moshi usioonekana wa makala hunyima ubongo oksijeni huku watu wamelala. Sigara ivutiwe nje.

Mama naye afuatiliwe. Baada ya kupunguza dawa, mwili wake hauvumilii tena dozi ya zamani, na akirudia kiasi kilekile kwa siku moja ya huzuni anaweza kufa. Vidonge vilivyobaki nyumbani virudishwe farmasi au vifungiwe.

Hatua ya 10: Miaka miwili ya kupima na kucheza

Ubongo hukua kwa kasi kubwa mpaka mwaka wa pili, na mzingo wa kichwa ndio kipimo cha bei nafuu cha kuufuata. Tumia utepe usiovutika, uuzungushe juu ya nyusi na masikio na sehemu ya kisogo iliyojitokeza zaidi, upime mara tatu na uandike kubwa kuliko zote. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2007, mtoto wa kiume wa kati huzaliwa na sentimita 34.5 na kufikia 46.1 anapotimiza mwaka. Wa kike huanza na 33.9 na kufikia 44.9. Namba moja chini ya hizo haisemi mengi. Kinachohitaji daktari ni mstari unaoacha njia yake kutoka kliniki moja hadi nyingine, na kwa sababu hiyo CPS, yaani kliniki za kupima watoto, zisirukwe hata mtoto akiwa mnono.

Kati ya kliniki na kliniki, kazi ni ya nyumbani: kuzungumza na mtoto anapobebwa, kwa Kiswahili, kwa Mashi, kwa Kilega, kwa lugha yoyote ambayo mama anaiongea kwa raha, kumtajia vitu sokoni, kumlaza kifudifudi akiwa macho na huku anatazamwa ili aimarishe shingo, kumpa kikombe na kifuniko agonge. Si lazima kununua mchezo wowote.

Mpeleke achunguzwe ikiwa hatabasamu kwa watu kufikia miezi 3, hakai bila kushikwa akiwa na miezi 9 iliyotimia, hatembei akiwa na miezi 18, au hana neno hata moja kwa umri huo. Macho yaangaliwe kwa makini zaidi kuliko kwa watoto wengine, kwa kuwa makengeza na mboni zinazochezacheza huonekana mara nyingi zaidi kwa watoto waliokutana na opioidi tumboni. Jicho ambalo bado linapotoka baada ya miezi 4 lionwe na daktari wa macho mapema, kwa sababu ubongo ukizoea kulipuuza jicho hilo, kurekebisha baadaye huwa kugumu. Siku ya kwenda, mama abebe fishi ya kuzaliwa, vipimo vyote vya kichwa na uzito, na jina la dawa aliyotumia pamoja na miezi aliyoitumia. Na muuguzi anayeandika rufaa aandike hayo tu, bila kuongeza neno lolote juu ya tabia ya mama, kwa kuwa karatasi hiyo itasomwa pia na watu wa mapokezi.